Mla Moshi

Kilianza kulia saa saba mchana, na nyumbani hakukuwa na hata kijinga kilichokuwa kikifuka.

Juvenali alikuwa uani akinawa ili akale. Aliposikia mlio ule mkali wa kukatakata alicheka. Kufunga vitambua moshi ndiyo kazi iliyomlisha. Alikwisha kuvifunga kwenye mahoteli, maghala na mabweni kuanzia Kahama hadi Biharamulo, na alijua kwamba kipya huweza kulia kwa vumbi la dari tu. Aliingia sebuleni, akapanda kiti, akakibonyeza. Kikanyamaza. Kilikuwa kisahani cheupe cha plastiki chenye taa ndogo nyekundu. Alikifunga mwenyewe asubuhi ile katikati ya dari, mbali na kona, mahali ambapo moshi hufika kwanza.

Aliposhuka akasikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Mama, umechoma nini?"

Mama yake, Clotilda, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kifua. Hakumtazama mwanawe. Alitazama dari.

"Kitoe hicho kitu, mwanangu," alinong'ona. "Kinamwonyesha."

"Kinamwonyesha nani?"

Clotilda akaanza kukohoa, akatoka nje.

Juvenali alikuwa amerudi nyumbani, kilimani karibu na Kabanga, akiwa na mkewe Iradukunda ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia kutimia. Alitaka ajifungue karibu na mama. Walipofika walimkuta Clotilda amekwisha kwa kikohozi. Katikati ya nyumba, katika chumba kisicho na dirisha, palikuwa na jiko la mafiga ambalo hakuliacha lizime, liwe na chungu au lisiwe nacho. Alililisha majani mabichi ya mikaratusi na maganda ya kahawa, hadi kuta zikawa nyeusi na kumeta kama lami. Daktari alisema ni mapafu. Basi Juvenali aling'oa mafiga, akapiga lipu na rangi, akatoboa dirisha, akanunua jiko la gesi. Clotilda alilia siku nzima kama mfiwa. Wao wakadhani ni uzee.

Jioni ya siku ile kifaa kilipolia, Clotilda alimwita mwanawe migombani, Iradukunda asije akasikia.

"Nilipoolewa hapa, bibi yako alinikabidhi jiko kabla hajanionyesha kitanda. Akaniambia, humu kuna mgeni. Chakula chake ni moshi. Akishiba hana neno na mtu."

"Mama, wewe na rozari yako hiyo shingoni?"

"Yeye hajali ninavaa nini. Unadhani kifua changu kimeliwa na nini? Nimempikia tangu ujana wangu ili asiwaguse ninyi. Sasa umebomoa jiko lake. Washa kuni mbichi, Juvenali. Washa leo hii."

"Sitarudisha moshi kwenye nyumba ambayo mke wangu atalelea mtoto," alisema Juvenali, na akaona yameisha.

Jumapili, baada ya misa, walikuwa mezani. Iradukunda alikuwa akisimulia kisa cha wabadilisha fedha wawili waliogombania mteja pale mpakani, akamwigiza mmoja wao, akacheka. Na kicheko kilipomtoka, kilitoka na moshi.

Ulikuwa mwembamba, wa samawati. Ulimpanda usoni, ukapita kwenye kope, ukaenda juu. Kitambua moshi kikaanza kupiga kelele. Iradukunda akaziba mdomo kwa mikono miwili, na moshi ukamtoka puani.

"Mawe!" alilia, akimwita mama yake aliyeko ng'ambo ya mpaka. "Mawe, naungua ndani!"

Clotilda alikimbilia uani, akawasha majani mabichi kwenye ndoo, akaileta ndani ikifuka, akaipepea chini ya dari huku akibembeleza kwa Kihangaza kama mtu anayemlisha mtoto mgonjwa. Chumba kilijaa moshi hadi wasionane. Lakini ulitanda tu, ukatoka dirishani. Hakuna aliyeugusa.

Clotilda akaweka ndoo chini. "Anakataa," alisema. "Ameshaonja wa ndani ya mtu."

Tangu hapo nyumba ile haikutulia. Juvenali aliondoa betri, kikalia. Akakishusha darini na kukifunga ndani ya blanketi, na bado kila Iradukunda alipopumua kililalama humo ndani kama mtoto wa mbwa, akipumua kwa haraka kinalalama kwa haraka, akizuia pumzi kinanyamaza na kumsubiri, naye akawa anaizuia hadi macho yanamtoka, hadi anashindwa, hadi anaiachia ikiwa nzito na nyeusi na yenye harufu ile ya nywele, na baada yake anakohoa majivu kwenye beseni, majivu laini ya kijivu yenye joto, huku ulimi wake umekauka kama kipande cha mkaa na tumbo lake, lililokuwa likichezacheza mchana kutwa, limetulia tuli. Katekista Fideli alikuja kusali. Alifika katikati ya sala, akaanza kukohoa, akaacha kitabu chake mezani na hakukirudia.

Ndipo akaletwa mganga kutoka Nyabusozi, mama mmoja aliyeitwa Kanyange. Hakuja na manyanga wala kibuyu. Alikaa kitandani, akanusa shingo ya Iradukunda, kisha akaomba kile kifaa akipakate.

"Amekipenda hiki," alisema. "Kila akipita kinamwita. Naweza kumwingiza humu. Ila simwui. Hauawi."

"Nitakizika," alisema Juvenali.

"Atarudi kabla hujaosha jembe."

"Nitakitupa mtoni, Ruvubu."

"Atarudi akiwa na hasira. Kinatakiwa kifungwe juu ya mtu anapolala. Mtu asiye wa damu yenu. Akimzoea huyo, atawasahau ninyi."

Clotilda akapiga magoti. "Kifunge juu yangu. Mimi sijazaliwa kwenye ukoo huu, nimeolewa tu. Nimemzoea."

Kanyange alimtazama bila huruma. "Wewe umebaki na nini, mama? Wewe ulishaliwa. Huyu binti hamalizi wiki, na aliye tumboni atamtangulia."

Juvenali akamwinua mama yake, akamwambia Kanyange aanze.

Kanyange alikibana kile kisahani mdomoni mwa Iradukunda, akasema, "Toa." Iradukunda alitoa pumzi, akaitoa, akaendelea kuitoa kupita pumzi ya mtu yeyote aliye hai, na mgongo wake ukapinda na kucha zake zikachana shuka, na plastiki ikawa moto hadi ikamwachia alama ya duara kuzunguka midomo. Kisha kikanyamaza. Iradukunda akalia kwa sauti safi. Chini ya gauni, tumbo likacheza.

Juvenali alikuwa na kazi ikimsubiri Biharamulo, bweni la wasichana. Alipanda basi la asubuhi, kisahani kile kikiwa mapajani ndani ya taulo.

Alifunga vingine vyote kwanza, ukumbini na kwenye vyumba vya wanafunzi, akivijaribu kimoja kimoja, na wasichana wakaziba masikio na kucheka. Mwishoni akabaki na chumba cha matroni, mwanamke wa makamo aliyelala peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Yuster. Karibu chai na karanga, umechoka." Alitazama juu. "Lakini kama vifaa vimepungua, changu kiache. Kiweke kule mwisho kwa wale wadogo. Mimi hata nikikosa, si kitu."

"Kwao vinatosha," alisema Juvenali.

"Kweli? Basi Mungu akubariki. Hakuna aliyewahi kunikumbuka mimi."

Alipanda ngazi. Alitoboa katikati ya dari, juu kabisa ya mto wa kitanda, akakaza skrubu.

"Mbona hiki hukukijaribu kama vile vingine?" aliuliza Yuster.

"Nimeshakijaribu nyumbani."

Yuster akacheka. Akamweleza jinsi usiku huwa hapati usingizi akiwawazia watoto wa watu na moto, na kwamba leo atalala. Katikati ya maneno akakohoa.

"Vumbi la drili yako," alisema, akifuta machozi, na uzi mwembamba wa samawati ukamtoka puani, ukapanda. Hakuuona. Kule juu, taa nyekundu ilimeta, na kifaa hakikutoa sauti.

Juvenali alikunja ngazi.

"Uwe unafunga dirisha ukilala, mama," alisema. "Baridi isikuzidishie kikohozi."

"Ahsante, mwanangu."

Akiwa stendi simu iliita. Iradukunda alikuwa amekula, alikuwa anacheka, mtoto alikuwa hatulii. Kisha simu ikachukuliwa, na Juvenali akasikia pumzi ya mama yake ikikwaruza.

"Nitajie jina lake," alisema Clotilda. "Angalau nimwombee."

Basi lilikuwa linaunguruma. Juvenali alipanda, akatafuta kiti.

"Sikumuuliza," alisema, akakata simu.