Kompyuta Iliyofungwa Mgongoni

Kila Jumamosi asubuhi, Nereah na binti yake Whitney walihamisha ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani. Nereah aliandika programu za mazishi, vile vijitabu vyenye ratiba na wasifu wa marehemu, na wafiwa walipenda aandikie nyumbani kwao, wakae karibu naye, jina la mjukuu yeyote lisisahaulike. Basi mama alibeba skrini, naye Whitney, mwenye miaka kumi na miwili, akafungwa kasha la kompyuta mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga.

Kasha hilo lilimkosesha raha. Kila hatua, kitu kiligonga ndani, ko, ko, ko! Whitney aliogopa kitavunjika. Ijumaa moja jioni, mama alipokwenda kununua dagaa wa omena soko la Kisumu Ndogo, Whitney alichukua bisibisi, akalifungua, akajaza matambara kila penye nafasi, akalifunga. Alijua mama amemkataza kulifungua. Lakini kesho yake, kutoka kwao Gatwekera hadi Kawangware, kasha lilinyamaza kabisa.

"Leo mtoto wako amelala," mama alimtania.

Walifika kwa Mzee Opondo, aliyefiwa na dada yake, saa nne. Basi la kusindikiza mwili lingeondoka saa kumi. Mama akaketi, akaandika mistari sita. Skrini ikawa nyeusi.

Wakangoja kidogo, mama akaiwasha kompyuta, ikawaka. Akaandika tena, ikazimika tena. Shivachi, jirani wa mzee, akavuta waya wa umeme kutoka kwake. Wapi! Ikazimika vilevile.

"Nereah, mashine yako ina nini?" Mzee Opondo aliuliza.

"Hata sielewi, mzee. Juzi ilifanya kazi mchana kutwa."

Everlyne, mke wa mzee, akatikisa kichwa. "Mimi namjua wifi yangu. Hapendi kusifiwa uongo. Futeni pale mlipoandika alikuwa mpole!"

Wote wakacheka, hata mzee. Kisha wakaitazama saa.

"Kitendawili!" Everlyne akasema.

"Tega," mama akajibu kwa uchovu.

"Mgonjwa wangu akipumzika hupona, akifanya kazi huzimia."

"Nimeshindwa. Na mji sikupi, nipe dawa tu!"

Whitney naye alichanganyikiwa. Matambara ni laini, yatamdhuru nani? Si aliyaweka ili kulinda mashine? Lakini saa saba ilipopita, alinusa harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Akagusa kasha. Lilikuwa moto. Akamtazama mama, akatazama chini. Akisema, atamwaibisha mama mbele ya watu. Asiposema, marehemu atazikwa bila programu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nililifungua kasha jana. Kuna matambara ndani."

"Matambara? Whitney!"

Shivachi akaleta bisibisi. Mama akavuta tambara moja, la pili, la tano. La mwisho lilikuwa limejisokota kwenye feni.

"Hii feni ndiyo pua ya mashine, hutoa joto nje," mama akasema. "Joto likizidi hujizima isiungue. Nilikukataza kulifungua, lakini sikukwambia sababu. Hapo na mimi nilikosea."

Kilichokuwa kikigonga ni kipande kilicholegea skrubu. Shivachi akakikaza. Mama akasema matambara yatashonwa koti la kasha, livae njiani na livuliwe likifika. Kisha akaandika bila kuinua kichwa. Kufikia saa tisa na nusu programu zilikuwa zimechapishwa kwenye duka la karibu, na majina ya wajukuu wote kumi na watatu yalikuwemo.

Mzee Opondo akamwita Whitney kabla ya kupanda basi.

"Hukuwa na nia mbaya, mjukuu wangu. Lakini tangu saa nne sisi tulikuwa na nusu ya jibu, kwamba mashine inazimika, nawe ulikuwa na nusu ya pili, yale matambara, na kila mtu ameishika yake. Ukifanya jambo, liseme mapema, hata kama ni aibu. Hujui ni nani anayelihitaji."

"Nimesikia, babu."