Beseni Jikoni mwa Fadhiya

Ndugu zangu wa Mji wa Kale, na nyinyi wa Makadara mnaotusikia, nyumba nitakayowaeleza habari zake mmepita mbele yake mara nyingi. Ni ile ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao, katika kichochoro kinachoanzia upande wa Ngome ya Yesu. Mwaka wa tisini na sita waliishi humo watu waliopendana. Juu walikaa Abdulhalim na mkewe Fadhiya, ambao binti yao wa pekee, Swabaha, alikuwa ameolewa Lamu. Chini, katika chumba kinachotazama ua, walipanga Charo, hamali wa Marikiti, na mkewe Kanze, aliyefanya kazi ya kufagia katika ofisi moja mjini.

Kila asubuhi, kabla Kanze hajakwenda kazini, Fadhiya alimwita juu. Wakaketi jikoni, dirisha wazi, wakala mahamri ya moto na mbaazi, wakacheka kwa mambo yao. Mmoja Mswahili na mwenzake Mgiriama, mmoja wa msikitini na mwenzake wa kanisani, lakini mwiko wa kupikia wa Fadhiya ulikuwa ukikaa chumbani kwa Kanze siku nyingi kuliko kwake mwenyewe. Nasi majirani tulizoea kuzisikia sauti zao kama tulivyozoea adhana.

Abdulhalim alikuwa ametunza vyombo miaka mingi katika hoteli moja ya ufuoni. Masinia, mabuli na vijiko vya kupakwa fedha vilipita mikononi mwake kila siku. Hoteli ilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Alikaa barazani kwa muda akiangalia wapita njia, kisha akaanza kuwasafishia majirani vyombo vyao. Na nyumba gani kwetu haina mrashi wa kunyunyizia wageni marashi, au chetezo cha kufukizia udi, au bangili za bibi zilizopoteza weupe? Alitumia chokaa laini, kitambaa na subira. Hiyo ilikuwa kazi ya halali na ya salama, na lau angebaki hapo, nisingekuwa na la kuwahadithia.

Tatizo ni kwamba vyombo vya kupakwa fedha si fedha tupu. Ile fedha ni utando mwembamba juu ya shaba, na kila ukisugua, unaupunguza. Ikafika siku mteja mmoja akamrudishia mrashi.

"Abdulhalim, nilikupa mrashi mweupe," alisema yule mama. "Huu ulionirudishia una mabaka mekundu."

"Ni shaba ya chini hiyo, mama. Fedha imekwisha."

"Kwangu haikuwa imekwisha."

Maneno hayo yalimwingia. Mtu aliyekuwa akisifiwa na mameneja alijiona sasa anaambiwa hajui kazi. Akamtafuta mtu mmoja aitwaye Nicanor, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya kupaka vyuma madini. Nicanor akamfundisha kutumia betri ya gari na nyaya, akampa na kopo la chumvi nyeupe ambayo huyeyushwa katika maji ili fedha mpya ishike juu ya shaba.

"Hii ni sumu," Nicanor alimwambia. "Si sumu ya panya. Hii ni sumu ya mtu. Usifanyie ndani ya nyumba. Na kitu kichachu kisiikaribie. Ndimu, siki, ukwaju, usithubutu. Itatoa hewa ya kuua."

"Nimekufahamu," akajibu Abdulhalim.

Alifahamu kweli. Nataka mlishike hilo, kwa sababu baadaye wako waliosema maskini hakujua.

Alilileta kopo nyumbani, akalificha nyuma ya magunia ya mkaa. Uani hakutaka kufanyia kazi, maana watu wangeona betri na nyaya, na siri ingetoka. Siri gani? Kwamba ule weupe si ufundi wa mkono wake, ni fedha mpya. Wale wanawake waliopokea masinia yao yakimeremeta walimwambia mkono wake una baraka, naye akanyamaza, akatabasamu. Sifa zilimkolea. Akaweka beseni lake pembeni mwa jiko la mkewe, akafunga madirisha, akatundika shuka kuukuu, na joto lile la Disemba mnalijua. Mahamri ya asubuhi yakahamia chini, chumbani kwa Kanze.

Haukupita muda Fadhiya akaanza kulalamika.

"Baba Swabaha, kichwa chaniuma kila nikiingia jikoni. Na kizunguzungu. Hiyo dawa yako ina nini?"

"Ni dawa ya kung'arisha tu. Wewe usiiguse."

"Kama ni ya kung'arisha tu, mbona nisiiguse?"

"Mama Swabaha, kila jambo wataka kuulizia. Nimesema usiiguse, imekwisha."

Mrehani wake aliokuwa ameupanda katika kopo kubwa kwenye roshani ulikauka wote, mizizi na majani, baada ya Abdulhalim kumwagia humo maji ya beseni. Fadhiya akauonyesha. Akaambiwa ni jua. Kanze naye alimuuliza shoga yake mbona siku hizi macho mekundu, naye akajibu labda ni joto, maana mke mwema hamtolei mumewe makosa nje. Hivyo watu wawili ndani ya nyumba moja wakawa wanaficha, mmoja anaficha anachokijua, mwengine anaficha anachokishuku.

Ukaingia mwezi wa Shaabani, na harusi zikawa nyingi, kila mtu akitaka kuozesha kabla ya Ramadhani. Familia moja yenye jina ikamletea Abdulhalim vyombo vyote vya sherehe: masinia, mirashi, vyetezo na furungu za miguuni za bibi harusi. Alikubali vyote na akaahidi siku ambayo hakuiweza. Alifanya kazi usiku na mchana. Asubuhi moja sinia kubwa kuliko yote lilitoka ndani ya beseni likiwa limefifia, la kijivu, na akalitupa sakafuni.

"Dawa haishiki," alisema. "Aibu gani hii."

Akavaa kanzu yake, akaenda Makadara kutafuta nyaya mpya. Hakulifunika beseni. Hakumwonya mkewe.

Fadhiya alibaki akilitazama lile sinia. Alimwonea mumewe huruma. Alikuwa mwanamke aliyelelewa katika nyumba ya vyombo. Mamake alimfundisha tangu utotoni kwamba shaba iliyofifia huoshwa kwa ukwaju. Akaroweka ukwaju katika bakuli, akaukamua, akasugua lile sinia mpaka likaanza kung'aa. Moyo ukamfurahi. Akaona, kama ukwaju umeisaidia shaba, utaisaidia na dawa iliyochoka. Akalitia sinia ndani ya beseni, na ule ukwaju uliobaki akaumimina wote juu yake.

Siku ile Kanze hakwenda kazini kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Alikuwa uani anafua. Alisikia kitu kizito kikianguka juu, kisha kimya. Akaita, "Bi Fadhiya?" Hakujibiwa. Akapanda ngazi mbio na mikono yake yenye sabuni.

Mimi niliyasikia haya kutoka kwa Fadhiya na kwa jirani aliyekuwa dirishani mkabala na ngazi. Kanze alimkuta shoga yake chini, midomo imekauka, anapumua kwa shida. Alimshika kwapani, akamburura mpaka kwenye ngazi, penye hewa, akapiga kelele watu waje. Angeweza kuishia hapo. Lakini aliona mkaa unawaka ndani na chungu kimechemka kinamwagika, akamlilia yule jirani kwamba ni moshi, na nyumba itashika moto. Akarudi ndani kuuzima na kulifungua dirisha. Dirisha lilikuwa limepigiliwa kwa shuka na misumari.

Walipopanda watu, Fadhiya alikuwa ameanza kukohoa. Kanze alikuwa chini ya lile dirisha, shuka mkononi.

Abdulhalim alirejea wakati tunawatia wote wawili ndani ya teksi. Aliangalia mlango wa jikoni, akanusa, akajua. Charo alikuwa ameshaitwa kutoka Marikiti, akafika na gunia lake la kubebea mizigo bado begani.

"Ni nini kimewapata?" Charo aliuliza.

"Moshi," alisema Abdulhalim. "Moshi wa mkaa. Walifunga madirisha."

Hospitalini daktari alimuuliza swali lile lile, tena kwa utaratibu. Wamekula nini? Wamevuta hewa gani? Kuna dawa yoyote ndani ya nyumba, ya mbu, ya panya, ya kazi?

"Mkaa tu, daktari."

Basi wakatibiwa kama watu wa mkaa. Abdulhalim aliketi kwenye benchi la nje, Charo pembeni yake. Charo alikuwa akimshukuru. Ndiyo, akimshukuru, kwa kulipia teksi. "Mungu akulipe, mzee wangu," alimwambia. Na Abdulhalim akainama akitazama viatu vyake. Alifikiri, kama alivyokiri baadaye, kwamba pengine wote wataamka, na hakutakuwa na haja ya mtu kujua kitu.

Fadhiya ndiye aliyeamka. Muuguzi alimwita mumewe, naye akamkuta mkewe amekodoa macho.

"Nilitia ukwaju katika beseni," Fadhiya alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Baba Swabaha, mle ndani mna nini?"

Mumewe akatazama mlango.

"Yuko wapi Kanze?"

"Yuko chumba kile. Hajaamka."

"Nenda ukamwambie daktari. Sasa hivi. Usipokwenda, nitajivuta mimi mwenyewe kwa magoti."

Akaenda. Alimwambia daktari kila kitu, kopo, chumvi, betri, na alilolisema Nicanor. Daktari alikimbilia chumba cha Kanze. Lakini Kanze alikata roho alasiri ile, kabla Charo hajaruhusiwa kuingia kumwona.

Abdulhalim alimuuliza daktari, "Ningesema mapema, angepona?"

"Sijui," alisema daktari. "Alivuta sumu nyingi. Lakini iko dawa yake, na mimi ningeijaribu. Wewe ulininyima hata kujaribu."

Polisi walimhoji, wakamwachia kwa dhamana kwa ajili ya mazishi. Kanze alipelekwa kwao, upande wa Kaloleni. Fadhiya, ambaye bado hakuweza kusimama bila kushikwa, alitaka aende. Njiani Abdulhalim alimnong'oneza kwamba kule Kaloleni pengine watu hawajasikia habari ya sumu, pengine si siku ya kuisema.

"Utasema wewe ama nitasema mimi," Fadhiya alimjibu. "Hapana njia ya tatu."

Alisema Abdulhalim mwenyewe. Alisimama mbele ya waombolezaji, kofia mkononi, akaeleza. Babake Kanze, mzee Mung'aro, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu alipoingia mle ndani, alijua mna sumu?"

"Hakujua."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Mzee akainuka. Alikwenda kaburini, akamwomba kijana mmoja sepetu, akaanza kufukia mwenyewe. Charo alikaa chini mchangani, akageuza uso.

Mahakama ilimfunga Abdulhalim. Lakini kabla kesi haijaanza, siku chache baada ya mazishi, Fadhiya alivikusanya vile vyombo vyote, akavirudisha mlango kwa mlango, mchana, watu wakiona. Hakumtuma mtu. Alipumzika kwenye kila baraza kwa kuwa pumzi haikumtosha, na kwa kila mwenye chombo alisema maneno yale yale: "Chukua chako. Weupe huu ni wa sumu iliyomuua Kanze, na mume wangu aliificha." Wako waliopokea wakalia. Wako waliokataa kupokea. Mama wa bibi harusi alilishika lile sinia kubwa, akaliangalia, akaenda kuliweka mbali na wageni, na harusi ile ilifukiziwa udi katika vyetezo vya udongo.

Fadhiya sasa anapika uani. Chumba cha chini kimekaa kitupu tangu Charo alipohama.

MAFUNZO

Ndugu zangu, hakuna ubaya kutaka bangili ya bibi ing'ae, wala kutafuta riziki kwa mikono baada ya kazi kupotea. Ubaya ulianza mtu alipoiingiza sumu mahali panapopikwa, akaiita dawa, akawaacha walio naye bila kujua. Anayeishi nawe ana haki ya kujua anakanyaga nini na anavuta nini. Ukimwambia "usiguse" bila kumwambia kwa nini, hujamlinda. Siku moja atagusa kwa kukupenda.

Mume akiulizwa na mkewe, na ajibu. Mke akiona dalili mbaya, asiufunge mdomo kwa ajili ya heshima ya nyumba. Kazi za sumu ziachwe kwa karakana zenye hewa na watu waliofunzwa.

Na siku msiba ukifika, ukaulizwa na daktari, sema kweli pale pale mlangoni, hata kama kweli hiyo itakuvua kanzu mbele ya watu. Abdulhalim alitaka kuiokoa sifa yake kwa kuficha ukweli alasiri moja. Sifa yenyewe hakuipata, na Kanze, aliyepanda ngazi na sabuni mikononi kwa ajili ya jirani yake, hatunaye.