Kompyuta ya Dalali wa Kibaigwa

Jua lilikuwa limeshalalia upande wa Dodoma Cornel alipobisha hodi nyumbani kwa marehemu Sila, dalali wa mahindi, nyuma ya soko la mahindi la Kibaigwa. Alikuja kununua kompyuta.

Si ya kuandikia barua. Ya gemu. Enzi hizo soko huria ndiyo kwanza limekolea, na kila mwenye akili alikuwa akitafuta upenyo wake. Cornel, fundi redio wa Majengo mjini Dodoma aliyejifunza kazi kwa kuunguza vidole, wake aliuona: kompyuta chumba cha mbele, vijana waje wacheze, walipe. Tajdin wa Uhindini alipomtajia bei ya dukani kwake, nusura Cornel amtukane. Akaishia kuuza cherehani ya mkewe, Ruthu, ili apate ya kununulia mtumba.

"Umeuza mkono wangu," Ruthu alimwambia asubuhi ile. "Ukirudi bila hiyo kompyuta, usirudi."

Evarista, mjane wa Sila, alimkaribisha ndani bila kumtazama usoni.

"Pole na msiba, dada."

"Tumeshapoa."

"Iwashe niione. Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia."

Ikawaka. Likafunguka gemu la ndondi, mabondia wawili wakatwangana mpaka damu ikarukia kioo. Cornel akacheka kama mtoto. Ila vibonye vilikuwa vinakwama. Akaigeuza kibodi, akaitikisa.

Zikadondoka punje za mahindi. Nyingi. Zimelowa, kama zimetemwa sasa hivi.

"Panya," alisema Evarista upesi. Kisha akataja bei, na Cornel akadhani amesikia vibaya. Ilikuwa bei ya kutupa.

"Kasoro yake nini? Sema wazi. Mimi na ujanja ujanja hatupatani."

"Kasoro haina. Kuna desturi tu. Kwetu kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla ya kuanua matanga, labda kitoke na mrithi. Na ndugu zake wote wamekataa kurithi."

"Kwa nini?"

"Uvivu." Alikuwa akizungusha pete kidoleni, akizungusha tu. "Ukae kwenye kigoda chake, nikupake unga, nikikuita jina lake uitike. Basi."

"Basi?"

"Basi, kaka'ngu."

Cornel aliona ni mambo ya kina mama. Akakaa. Kidole baridi kikampaka unga kwenye paji la uso.

"Sila!"

"Naam."

"Sila!"

"Naam, nimeshaitika!"

Evarista akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mimi," alinong'ona, "nimeita mara moja."

Kutoka ghalani, nyuma ya ukuta, gunia lilianguka. Pu!

Cornel alilipa upesi, hakusubiri chai. Alibeba mzigo wake barabarani, akapata lori la mahindi linaloelekea Dodoma. Dereva wake, Khamisi, alikuwa mtu wa masihara.

"Nimekuona ukitoka kwa Sila. Vitu vyake hivyo? Kweli wewe mwanamume!"

"Kwani vina nini?"

"Hukusikia alivyokufa? Alikuwa mfalme wa rumbesa yule. Gunia analijaza, kisha anashindilia na kuongeza kichwa juu, mkulima anatoa gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Kuna mzee mmoja wa Chemba, Eliakimu, alikataa. Wakapigana ghalani. Sila akamtwanga na jiwe la mizani mpaka akafa, uso hautambuliki."

"Na Sila?"

"Walimkuta palepale ghalani. Amejazwa mahindi mdomoni, kooni, tumboni, mpaka ngozi imepasuka ubavuni. Midomo imeshonwa kwa katani, kama gunia." Khamisi akacheka, akatema mate. "Lakini vitu havina kosa. Mimi kompyuta hiyo ningeichukua hata sasa. Panda juu, twende."

Cornel akapanda juu ya magunia. Kompyuta ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi, akaikumbatia. Lori likanguruma. Giza likashuka juu ya mbuga, upepo mkavu ukaleta vumbi na harufu ya mahindi.

Kisha harufu nyingine. Damu iliyoanza kuchacha.

Gunia alilokalia likapumua.

Alidhani ni mtikisiko wa lori. Akajisogeza. Likapumua tena, na kitu kikamsukuma kutoka chini... taratibu... kama goti.

"Sila."

Hakuitika. Alikunja ngumi.

"Sila. Nimekuja tupime."

Mshono wa gunia ukafumuka, mkono ukatoka. Mkavu, wa mkulima, kucha zimejaa udongo. Ukamkamata shingoni. Nyuma yake kikatoka kichwa kisicho na uso; palipokuwa na uso palikuwa na shimo bichi, na ndani ya shimo punje zikisagana.

Cornel alikuwa mwepesi wa hasira hata kwenye hofu. Akapiga. Ngumi ikazama ndani ya lile shimo mpaka kifundo, ikatoka imechunika ngozi. Akapiga tena. Akapiga teke. Akagonga paa la kabini, "Khamisi! Khamisi!" lakini chini huko redio ilikuwa inaimba.

"Mimi si Sila!"

"Uliitika."

"Nilidanganywa! Sijamwibia mtu maishani mwangu!"

"Mrithi hachagui."

Punje zikaingia mdomoni. Konzi ya kwanza alitema. Ya pili ilimvunja jino. Ya tatu ilishindiliwa kwa kidole gumba mpaka kooni, na Cornel akasikia koo lake likitanuka, likilia kama kamba inayovutwa. Kisha likaja shazia, sindano ndefu ya kushonea magunia. Ikapenya mdomo wa chini. Ikatokea juu. Uzi wa katani ukapita nyuma yake, ukikwaruza nyama.

Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeng'ang'ania blanketi. Ruthu. Cherehani. Usirudi.

Sindano ikarudi mara ya pili.

Akaachia.

Aliusukuma ule mzigo kwa miguu yote miwili, na kwa upande wa mdomo uliobaki wazi akapiga kelele, damu na mahindi vikiruka: "Si yangu! Chukua! Si yangu!"

Kompyuta ikaporomoka barabarani. Lile zimwi likageuza shimo lake, likaruka kuifuata.

Lori likafunga breki. Khamisi akashuka na tochi.

"Fundi! Nimeona kwenye kioo cha pembeni, nini kimeanguka?"

Cornel alikuwa amelala kifudifudi juu ya magunia, anatapika punje. Aliona mwanga wa tochi ukirudi nyuma, ukiyumbayumba, ukasimama.

"Ebo! Nzima kabisa! Haina hata mkwaruzo!" Khamisi alikuwa anacheka kule gizani. "Fundi, si yako hii?"

Uzi ulikuwa umeshika upande mmoja tu. Upande wa pili ungeweza kusema. Neno lilikuwa fupi: iache. Lakini angeulizwa kwa nini, na angejibu nini, na akisema ni yake tu, zimwi litamrudia... Cornel ambaye Majengo nzima ilimjua kwa kusema wazi, aliyewahi kumrudisha mteja kutoka kituo cha basi ili amwambie redio yake haitadumu, aliuma mdomo uliochanika.

"Fundi! Umelala? Nasema ni yako?"

Hakujibu.

"Haya. Kama haina mwenyewe, basi yangu mimi!"

Mlango wa kabini ukafunguliwa. Kitu kizito kikawekwa kitini. Mlango ukafungwa. Lori likaondoka, na Khamisi akaanza kuufuatisha wimbo wa redioni kwa mluzi.

Mluzi ukakatika.

"Nani... we nani?" Sauti ya Khamisi ilipenya paa la kabini, nyembamba kama ya mtoto.

Kishindo. Kioo kikapasuka. Halafu sauti ile ile ya punje zinazosagana, na mtu anayejaribu kupumua na hawezi. Cornel akajikokota, akachungulia ukingoni atafute pa kurukia. Barabara ilikuwa inapita chini kama mto uliofurika.

Honi ikaanza kulia, mfululizo, kama iliyolaliwa na kifua cha mtu. Na lori, badala ya kupunguza, likazidi mwendo.