Barafu Iliyokataa Kuyeyuka

Barafu ilikataa kuyeyuka. Mtunza maabara aliiacha kwenye beseni alipokwenda kula mchana, akarudi jua likichoma mabati, akaikuta vilevile, na katikati yake chupa ya mumewe, mwalimu wa kemia.

"Mume wangu, tuimwage hii," alisema. "Wewe mwenyewe hufundisha dawa hii isiwekwe, itumike papo hapo."

"Nimwage anilini yote hiyo? Wanafunzi wanangoja kuona fenoli." Akacheka. "Siku hizi unaogopa hata barafu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Kazi yenyewe mke aliijua: anilini, asidi na nitraiti huchanganywa barafuni, na kwenye baridi hutulia, lakini vikipashwa moto, gesi ya naitrojeni hutoka kwa mapovu, chupani ikabaki fenoli yenye harufu ya dawa ya kusafishia wodi. Hewa ikishatoka hairudi.

Mwalimu akaitumbukiza chupa kwenye maji ya moto. Mapovu yakaanza, kisha yakawa yanavuta pumzi, yanatua, yanavuta tena, kama mgonjwa wa pumu, mpaka humo ndani kitu kikaita taratibu, "Mwalimu." Na yeye, aliyewafokea wanafunzi miaka nenda miaka rudi kwamba harufu hupungwa kwa mkono, akaingiza pua mdomoni mwa chupa.

Mapovu yakakoma. Mwalimu akainuka, midomo imepauka, mikono baridi kama chuma.

"Nipashe moto, mke wangu," alinong'ona kwa sauti isiyo yake.

Mke akaelewa. Kilichoita mle chupani kilikuwa jini, nalo lilikuwa limehama. Chupa sasa ilikuwa mumewe.

Alimkokota hadi nyumbani, akamlaza kwenye sakafu tupu, akafungua madirisha yote, akakimbia kumwita mganga wa mtaa wa pili huku akimwomba Mungu baridi ile idumu, maana ndiyo pekee iliyokuwa ikimhifadhi mumewe.

"Asiguswe na joto mpaka nilitoe," mganga alisema njiani. "Likiwa baridi, limelala."

Mlangoni walimkuta mama mkwe, ametoka sokoni, amefura kwa hasira.

"Mke gani wewe? Mwanangu anatetemeka sakafuni, wewe unazurura! Nimemfunika blanketi mbili, nimempa uji wa moto. Sasa ametulia."

Mganga hakuvuka kizingiti. Aliinama, akaokota viatu alivyokuwa ameshavua, akageuka kuondoka.

Harufu ya fenoli ilikuwa imejaa sebule nzima, na kule chumbani, chini ya blanketi, mapovu yalikuwa yakitoka mfululizo, bila kuvuta pumzi tena.