Dakika Moja ya Chiriku

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alifuatana na mama yake hadi maabara. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa kupenda maneno. Mama alivaa koti jeupe, miwani na glavu, akaingia chumba cha ndani. Chiriku alibaki nje ya kioo, saa mkononi.

Wiki hiyo walikuwa wakipima dawa mpya ya kuua virusi, itakayotumika kupigia deki wodi za watoto. Usalama wake ulikwisha kuthibitishwa: haikuchubua ngozi wala kuwasha macho. Ilibaki kujua kama kweli inaua virusi kwa dakika moja, kama mtengenezaji alivyodai. Mikono na macho ya Mama vilikuwa kazini, hivyo alitegemea masikio. Dakika ikitimia Chiriku angegonga kioo, naye Mama angemimina maji maalumu ya kuzima makali ya dawa.

Mfagiaji akapita, akamtania, "Leo umemeza ulimi, mwanangu?"

Chiriku hakuvumilia. Alianza kumsimulia vituko vya shangazi yake, wakacheka. Alipotazama saa, dakika mbili zilikwisha kupita. Akagonga haraka, asimwambie Mama kuwa amechelewa.

Kesho yake majibu yalitoka: hakikusalia kirusi hata kimoja. Mkuu wa maabara alifurahi, akamwagiza Mama aandike ripoti. Mama alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Chiriku aliwawaza watoto wodini, na wauguzi watakaofuta dawa kabla haijamaliza kazi. Akaomba kimoyomoyo apewe ujasiri.

"Mama, usiandike," alisema. "Niligonga baada ya dakika mbili. Nilikuwa napiga soga."

Mama aliweka kalamu chini. Hakumgombeza, alimshika mkono wakaenda kwa mkuu. Jaribio likarudiwa mara tatu. Kwa dakika moja virusi vilisalia. Kwa dakika mbili vilikufa vyote. Maelezo ya chupa yakaandikwa upya: iache dakika mbili kabla ya kufuta.

Mkuu aliwaita wafanyakazi wote, akamsimamisha Chiriku mbele yao.

"Mjukuu wangu," alisema mzee huyo, "majibu yale yangetudanganya, nasi tungewadanganya wagonjwa. Kila mpimaji hukosea. Mpimaji mzuri husema kosa lake mapema, kabla halijamfikia mgonjwa."

"Na mpimaji huyu ni wa kwangu," Mama alisema, akijifuta machozi kwa mkono wa koti.