Damu ya Mawese

Vumbi jekundu la Butembo halimchagui mtu. Siku ya soko hufunika viatu vya tajiri na vya mchukuzi sawasawa, ndiyo maana Séphora alishangaa kumwona kijana aliyevaa shati jeupe pe, limepigwa pasi hadi kwenye kola, akisimama mbele ya madumu yake ya mawese na kuyachungulia kama mnunuzi wa dhahabu.

"Mama, hii mafuta inabakia nyekundu hata ikipoa?"

"Miye si mama. Niko Séphora," alijibu, akijifunga upya kikwembe chake cha maua ya buluu. "Na ile swali hakuna mutu alishaniulizaka. Unapika nini?"

"Hapana pika. Ninatafuta damu."

Séphora akarudi nyuma. Kijana akacheka, akamwonyesha kamera iliyoning'inia begani. Aliitwa Nzanzu. Kazi yake ilikuwa kurekodi harusi za watu, na sasa alikuwa ameingiwa na wazimu wa kutengeneza filamu ya kutisha, ya mzimu unaotoka kaburini na panga. Damu ya bandia ya sinema angeitoa wapi?

"Donc batu bako batakufa benye kunukia sombe?" Séphora akauliza, maana sombe, mboga ya majani ya muhogo, hupikwa kwa mawese.

"Mu filamu harufu haionekane, chérie."

"Chérie ni nani? Tulijuana lini?"

"Tangu uliniangalia kama muuaji."

Aliondoka na dumu, namba ya simu na doa kubwa kifuani, maana alijimwagia mwenyewe ili aone rangi. Séphora alicheka mpaka muuza unga wa jirani akamuuliza kama mahari imeshatolewa.

Mapenzi ya simu yana uongo mwingi, lakini haya yalikuwa matamu kweli. Nzanzu alipiga kila jioni, akiwa bado na uchovu wa mazoezi.

"Allô, patron wa maiti," Séphora alimjibu.

"Allô, reine wa mawese. Ulikula?"

"Nilikula. Leo uliua bangapi?"

"Moja tu. Mais alikataa kufa! Kila wakati panga inafika, anacheka. Na ni panga ya carton."

"Umunyime chakula, atakufa muzuri."

"Weye uko na roho mubaya, mupenzi. Njoo unisaidie kuua." Kisha, kwa sauti ya chini: "Famille yako iko wapi? Siku moja nitapaswa kuwajua."

"Mama iko Beni. Mbele tulikuwa ku Mabalako, tulikuwa na shamba ya kakao."

"Na bandugu?"

"Yaya yangu Mumbere. Yeye alibakia kule."

Alibakia. Hilo ndilo lilikuwa neno la nyumba yao. Kaka yake Mumbere alikwenda kuvuna kakao asubuhi, washambuliaji wakafika, na waliotoka hai msituni walisimulia walichokiona. Mwili haukurudi. Mama yake alikataa kusikiliza. "Alibakia," alisema, na tangu siku hiyo kila mtu alisema hivyo hivyo. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na aliyelia kwa sauti, na sahani ya Mumbere iliendelea kuwekwa mezani. Kumwambia Nzanzu ukweli kungekuwa kumuua kaka yake kwa mdomo wake mwenyewe. Séphora hakuthubutu. Filamu aliichukulia kama mzaha wa kijana anayempenda, na mzaha haudhuru mtu.

Ilionyeshwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia, juu ya shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Nzanzu hakuweza kuisahau kazi yake ya harusi. Watu wake walikatwa kama keki: polepole, kwa karibu, halafu nyuso za wageni mmoja mmoja.

"Muzimu iko na montre!" mtu akapiga kelele, akionyesha saa mkononi mwa mzimu.

"Maiti inapumua! Angalia tumbo!"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Séphora naye alicheka, mkono mdomoni, mpaka picha ikahamia shambani. Majani mapana, kivuli, kijana mwenye kikapu mgongoni. Panga likapanda. Ukumbi ukacheka. Séphora alisimama, akawakanyaga watu miguu, akatoka nje.

Hakumwona Nzanzu akimfuata kwa macho kutoka nyuma ya projekta. Wala hakusikia maoni ya watazamaji, filamu ilipokwisha na kipaza sauti kupitishwa kama wakati wa hotuba za harusi. Solange, msusi wa mtaani, alikipokea kwanza. "Miye avis yangu ni moja. Ule muzimu ni musafi sana! Alitoka mu kaburi na viatu ya cirage?" Siku nyingine Nzanzu angecheka kuliko wote. Siku hiyo alikitazama kiti kitupu.

"Batu bote balisema," alimwambia Séphora kwenye simu. "Weye ulitoka. Juu ya nini?"

"Kichwa ilikuwa inauma."

"Sema kweli. Nilikupatia haya?"

Angeweza kusema. Neno lilifika kwenye meno, likarudi. "Sikupenda filamu yako," akasema.

"Nini hukupenda? Damu? Jeu ya ba-acteurs, namna banacheza?"

"Yote."

"Sawa, mama," Nzanzu akasema, akakata. Lile "mama" lilimchoma kuliko tusi. Hakupiga tena. Séphora alipima mawese huku jicho likiwa kwenye simu, akawamwagia wateja, akagombana na muuza unga bila sababu. Alimpenda Nzanzu, na alijua ni ulimi wake mwenyewe uliokuwa umemfukuza.

Kisha tangazo likatokea kwenye WhatsApp: filamu inakwenda Beni. Kabla hajamaliza kulisoma, mama yake akapiga.

"Ule kijana yako wa filamu, ule ulinisimuliaka, anakuja huku. Jirani atanipeleka. Nataka kumuona na macho yangu."

"Mama, hapana enda!"

"Juu ya nini?"

Jibu lilikuwa lile lile lisilosemwa nyumbani kwao. Siku ya maonyesho alimwachia muuza unga madumu yake, akapanda gari la Beni akiwa na kikwembe cha kazi, mikono ikinuka mafuta. Gari liliharibika njiani. Alipofika ukumbini, filamu ilikuwa imeanza, watu wanacheka, na Nzanzu amesimama nyuma ya projekta, amekonda.

"Zima," alimnong'oneza.

"Ulikuja kunipatia haya mpaka huku?"

"Mama yangu iko mule ndani." Alimshika mkono kwa nguvu. "Nzanzu, yaya Mumbere hakubakia. Balimukata. Mu shamba ya kakao. Alikufa."

Kwa mkono mmoja Nzanzu alimshika kiuno, kwa mwingine akachomoa waya wa projekta. Lakini panga lilikuwa limeshashuka.

"Courant!" ukumbi ukapiga kelele, ukidhani umeme umekatika. "Rudisha picha!"

Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani alisimama katika mstari wa pili. "Nani amezima?"

"Ni miye, mama," Nzanzu akasema. Alimfuata mpaka mbele, akapiga goti. "Samahani sana. Sikujua."

"Banasema unaulizaka batu avis yabo. Miye sitaulizwa?" Mama Séphora hakungoja kipaza sauti, na ukumbi ulikuwa umeshanyamaza. "Damu yako ni mawese, ninaijua, binti yangu anaiuzaka. Ile hainisumbue. Mais ule kijana alianguka mu majani, na filamu yako ikamuruka, ikaenda kwa mwingine. Hata mutu moja hakumulilia."

"Ni kweli, mama."

"Miye vile vile." Alivua kitambaa kichwani. "Miaka yote hii, Mumbere wangu sikumulilia."

Akalia. Alilia kwa sauti iliyokuwa imefungiwa muda mrefu, na wanawake wa Beni, ambao wengi wao walikuwa na wafu wao wa kuwalilia, walisukuma viti na kumzunguka. Séphora alijipenyeza katikati yao, akamkumbatia mama yake, akalia naye.

Matanga yakawekwa nyumbani. Kwa kuwa mwili haukuwepo, ukoo ulikubaliana kuzika shati la Mumbere la kwenda misa, nyuma ya nyumba, penye migomba. Nzanzu alifika bila kamera, katika koti jeusi la kuazima lenye mikono mirefu kupita vidole. Alilivua, akanyoosha mkono achukue jembe. Baba mdogo Kasonia akaushika mpini, hakuuachia. Katika nyumba hiyo wageni walileta kuni na maharagwe. Kaburi lilichimbwa na wanaume wa nyumba.

"Weye ni nani wa hapa?"

Nzanzu, aliyezoea kuwafundisha mabwana harusi la kusema, akamtafuta Séphora kwa macho. Watu walimtazama. Séphora alitoka mkekani kwa wanawake, macho yamevimba, nywele hazijachanwa.

"Ni wangu, baba."

"Wako namna gani?"

"Bwana yangu," Séphora akasema. "Mbuzi za mahari zitafuata."

Mzee alimgeukia shemeji yake. Mama alifuta uso kwa ncha ya kikwembe, akaitikia kwa kichwa. Kasonia akauachia mpini, na Nzanzu akaanza kuchimba.