Sinema ya Ghala la Magindu

"Abeid, niambie mwenyewe. Ni kweli?"

Abeid alikuwa juu ya Landrova ya sinema, anafunga spika. Alipomwona Mboni pale Kisarawe, waya ukamponyoka.

"Mboni! Umefikaje huku?"

"Kwa lori na kwa miguu. Si uliniambia mnaonyesha filamu ya kilimo cha mihogo?"

"Ni mambo ya kazi tu, mpenzi."

Kazi! Basi isikie hiyo kazi yenyewe. Mwaka 1977 ghala la korosho la kijiji cha Magindu liliibwa mchana kweupe. Mboni, mtunza ghala, aliwekewa panga shingoni mpaka akatoa funguo. Mahakama ikamwachia, wezi wakafungwa. Lakini mwandishi mmoja wa gazeti, ambaye Magindu hata hajawahi kuikanyaga, akaandika: "Mtunza ghala amfungulia hawara." Watengeneza filamu nao wakalibeba gazeti kama lilivyo. Filamu yao haina sauti, inasimuliwa kwa kipaza sauti kijiji kwa kijiji, na msimulizi ndiye huyu Abeid, mchumba wa Mboni, aliyekuwepo mahakamani siku ya hukumu!

"Umeisimulia vijiji vingapi?"

"Kumi na viwili."

Mboni akanyoosha kidole kwenye mikeka ya watazamaji.

"Leo mama yako yupo hapa. Amekataa kuleta posa kwetu kwa sababu ya gazeti lile. Sema ukweli leo, Abeid, asikie."

"Maneno nimepewa na ofisi. Nikibadilisha nafukuzwa. Tuoane kwanza, watu watasahau."

"Nani atasahau?"

Giza lilipoingia, shuka jeupe likawaka. Mwigizaji aliyejifunga kanga akaonekana anamchekea jambazi huku anamkabidhi funguo. Watu wakazomea. Sauti ya Abeid, ile ile iliyozoea kumwita Mboni mke wangu, ikanguruma:

"Tazameni, ndugu wananchi! Mwanamke aliyeuza jasho la wenzake kwa ajili ya mapenzi!"

Mboni akapenya hadi kwenye gari, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mnayemzomea ni mimi, Mboni wa Magindu. Sikucheka. Nililia. Panga liliwekwa hapa!"

Akashusha mtandio, kovu likaonekana. Bi Mwanajuma, mama yake Abeid, akainuka mkekani, akaja akaligusa lile kovu kwa kidole.

"Abeid, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu?" Akamshika Mboni mkono. "Nisamehe, mwanangu. Jumamosi naleta posa mwenyewe."

Mlishaanza kupiga vigelegele, eeh? Subirini. Mboni alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekusamehe. Wewe ulidanganywa."

Akamgeukia Abeid huku machozi yanamtiririka, maana alimpenda, tena sana. Akamrudishia kipaza sauti chake.

"Huyu hakudanganywa, mama. Posa usilete."